Tapati ya Rapa Nui: mgeni naye ana nafasi

Dada, umeuliza kama Tapati, lile tamasha la utamaduni kule Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka, Chile), ni ya kutazama tu. Hapana. Kwenye gwaride kubwa la pale Hanga Roa, mji wa kisiwa hicho, wageni wanaruhusiwa kuingia: unavaa mavazi ya asili, unapakwa takona, yaani michoro ya udongo wa rangi mwilini, halafu unaandamana na kundi la mgombea mmoja wa umalkia wa tamasha. Beba nguo za kuchakaa, maana udongo ule unahamia kwenye kila unachokigusa, shuka za mwenye nyumba zikiwemo.

Haka Pei, mashindano ya kuteleza mlimani, ndiyo usiikose kabisa. Vijana karibu uchi wanajilaza juu ya vigogo viwili vya mgomba vilivyofungwa pamoja, kisha wanaachiwa kutoka juu ya kilima cha Maunga Pui. Hakuna breki wala kofia ngumu! Wapo wanaopinduka katikati ya mteremko na kumalizia kwa mbavu, na watu wanawashangilia hao hao. Nenda na kofia na maji, kivuli ni cha kutafuta.

Mbio za kubeba mikungu ya ndizi mabegani nazo ni tamu, ila kwangu zinakuja nyuma ya Haka Pei.

Tapati ni kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, kama wiki mbili hivi. Ndege za kutoka Santiago hujaa mapema, na utadaiwa tiketi ya kurudi pamoja na malazi yanayotambuliwa. Moai, zile sanamu kubwa za mawe, usiziguse, hata kwa ajili ya kupiga picha.