Muulize Mwalimu: Nimekosa MD, wamenipa fiziolojia. Niende?

Matokeo yametoka na machaguo ya vyuo yametoka, kwa hiyo barua zenu zimejaa hilo hilo tu. Leo nimechukua nne zinazohusu fiziolojia ya tiba, yaani sayansi ya jinsi mwili unavyofanya kazi, maana kwa miaka yote ninayoifundisha sijawahi kuona watu wengi hivi wanaiulizia kwa mpigo.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza form six PCB, MD (digrii ya udaktari) nimeikosa raundi zote. Sasa kuna chuo nchi jirani wamenipa nafasi ya digrii ya fiziolojia ya tiba, miaka minne, na baba yuko tayari kuuza kiwanja. Mjomba anasema niende tu alafu mwaka wa tatu nahamia MD kiulaini. Niende? – Msomaji, Tabora

Marahaba mwanangu. Baba mwambie kiwanja akiache kwanza mpaka umalize kusoma haya.

Huyo mjomba na "kiulaini" yake ndio ananipa wasiwasi. Nigeria hii kozi ni ya kawaida kabisa, vyuo vingi vina idara yake, Ibadan wanayo, wanasoma miaka minne, na kila mwaka kuna vijana waliojaza udaktari wakaukosa wakajikuta wamepangiwa fiziolojia, wanaingia wamenuna, mwaka wa kwanza wote wanasubiri kuhama badala ya kusoma, mwisho wa mwaka nafasi za kuhama ni za kuhesabu na zinaenda kwa wenye maksi za juu, ambao sio wao kwa sababu walikuwa wamenuna. Umeona mtego ulivyo? Uingereza napo kuna wanafunzi wa udaktari wanaochomoka mwaka mmoja katikati ya masomo wanachukua BSc ya sayansi kama hii kisha wanarudi, na kuna udaktari wa miaka minne wa watu wenye digrii tayari, chuo cha Warwick kinachukua hao peke yao. Lakini hapo wanagombania watu wengi kwelikweli, na ada ya mgeni ni kiwanja na nyumba juu yake. Kwetu huku mwenye digrii nyingine akipokelewa MD kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza kama wengine, miaka mitano na internship mwaka mmoja. Jumlisha na minne yako uone utakuwa na umri gani.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa jiulize: unataka mwili wa binadamu au unataka wagonjwa? Sio kitu kimoja. Baraza la Madaktari linasajili waliosoma udaktari, na digrii ya fiziolojia hata ukiipata kwa GPA ya kutisha haikupi leseni ya kumtibu mtu. Kama roho yako iko wodini basi hata diploma ya clinical medicine ya miaka mitatu itakufikisha kitandani kwa mgonjwa mapema kuliko hii, na ukifanya vizuri njia ya kwenda MD iko wazi. Uuguzi, maabara, radiografia, zote zina mabaraza yake na mtu akimaliza anajulikana ni nani.

Ila kama ulikuwa yule mtoto aliyekuwa anamchosha mwalimu wa biolojia kwa "kwanini", basi hii kozi ni tamu na sisemi hivyo kwa sababu ndio inanilisha. Mwanzoni utapewa anatomia, biokemia, histolojia, na fiziolojia ya seli, neva na misuli. Kisha unaingia mfumo kwa mfumo, moyo, mapafu, figo, homoni, uzazi, ubongo. Baadae inakuja dawa zinavyofanya kazi, mwili unavyoharibikiwa, takwimu, na mwisho utafiti wako mwenyewe. Usiidharau takwimu, ndio inawapa watu kazi.

Kazi zenyewe sasa, maana najua baba atauliza. Kufundisha vyuo vya afya, ila hapo masters ni lazima uihesabu kabisa. Utafiti, kwenye taasisi za utafiti wa afya kina Ifakara, NIMR, na wale wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi, Kenya, ambao wamekuwa wakichukua graduates na kuwafundisha kazi ya utafiti. Kuuza na kufundisha watu kutumia mashine za hospitali, kazi ambayo wengi wanaicheka mpaka waone mshahara. Maabara za uzazi wa kupandikiza. Michezo, hasa ukiwa upande wa Eldoret na Iten huko juu mita 2,400 ambako dunia nzima inaenda kuwapima wakimbiaji. Lakini digrii ya kwanza peke yake, bila masters na bila mtu aliyekuona ukifanya kazi, soko lake ni jembamba. Sikufichi.

Na kabla hata shilingi haijatoka: nenda TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Mtanzania anayekwenda kusoma nje anatakiwa awe na barua yao ya kutokuwa na pingamizi, na ukirudi ndio hao hao wa kuitambua digrii yako. Uliza kuhusu chuo hicho na kozi hiyo kwa jina lake kamili, usiulize chuo peke yake. Na mkopo wa bodi usiupigie hesabu kwa chuo cha nje.

Mambo mwalimu. Niko mwaka wa pili, moyo na figo vimenipiga sapu mbili (mitihani ya kurudia). Nimekariri desa (notsi) lote mpaka naota, ila swali likija "eleza kitakachotokea" nakwama. Tunasoma darasa moja na watu wa MD na wao wanatoboa. Nifanyeje nisidisko, nisiondolewe chuo? – Aliyechoka

Poa. Pole kwa sapu, na hilo desa ligawe kwa mwenzio.

Nikupe kisa cha maabara. Kuna zoezi vyuo vingi wanalifanya: darasa linagawanywa, kundi moja wanakunywa lita nzima ya maji matupu, kundi la pili lita nzima ya maji ya chumvi ile ya asilimia 0.9, ya dripu. Alafu kila nusu saa kila mtu anakwenda na kopo lake, anapima mkojo, anaandika. Wa maji matupu ndani ya saa moja hivi wanapishana mlangoni mbio, mkojo mweupe kama maji ya bomba, makopo yanajaa. Wa maji ya chumvi wamekaa wanawacheka, makopo yao yana kidogo tu, na wamekunywa lita ile ile!

Sasa uliyekariri utaniambia "ADH, ile homoni, inapunguza mkojo". Sawa, na kisha? Mtu anayeelewa anakwenda hivi: maji matupu yameingia damuni, damu imezimuka, kuna seli kwenye ubongo zinazopima uzito wa damu zimeliona hilo, kwa hiyo ADH imepungua, kwa hiyo mirija ya mwisho ya figo imekuwa haipitishi maji kurudi damuni, kwa hiyo maji yamekwenda na mkojo. Wa chumvi je? Maji yao yana chumvi kwa kiwango cha damu yenyewe, damu haikuzimuka, zile seli hazikuona kitu, ADH imebaki ilipo. Hapo hujakariri chochote, umefuata "kwa hiyo" moja baada ya nyingine.

Ndio dawa yako hiyo. Chukua karatasi tupu, andika tukio juu, mfano dereva wa bodaboda amevuja damu nyingi, alafu shuka na "kwa hiyo" mpaka uishie. Damu inayorudi kwenye moyo imepungua, kwa hiyo moyo unasukuma kidogo (moyo unasukuma kile unacholetewa, hilo mwanafiziolojia Starling alishalimaliza zaidi ya miaka 100 iliyopita), kwa hiyo presha inashuka, vipimio vya presha vya shingoni na kwenye mshipa mkuu vinapunguza kelele zake, kwa hiyo ubongo unaamrisha moyo ukimbie na mishipa ya ngozi ijifunge, kwa hiyo mikono ni baridi na mapigo ni ya haraka, na mkojo unapungua. Ukikwama katikati, pale ulipokwama ndipo pa kusoma. Sio sura nzima.

Namba kariri chache tu za kushikilia. Moyo mapigo 70, kila pigo mililita 70, karibu lita 5 kwa dakika. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na mkojo unatoka lita moja na nusu hivi, sasa jiulize zile nyingine zimeenda wapi na nani kazirudisha, ukilijibu hilo vizuri umemaliza nusu ya figo.

Na moja ya nyumbani kabisa, ORS, ile pakiti ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Waulize wenzio wa MD kwanini ina sukari. Nusu watakwambia ni ya kumpa mtoto nguvu, au ladha. Kwenye utumbo kuna mlango unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, bila glukosi mlango huo haupitishi sodiamu, na sodiamu ikiingia maji yanaifuata. Kipindupindu kinaufanya utumbo umwage maji ovyo lakini huo mlango kinauacha mzima, ndio maana pakiti ya bei ya soda inaokoa mtu. ORS ya sasa ya WHO ina sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, sawa kwa sawa, na sasa unajua kwanini. Watu wa MD wanatoboa sio kwa sababu wana akili zaidi yako, wengi wao wanasoma kwa makundi wanabishana, we unakesha peke yako na desa. Tafuta wawili watatu wa kubishana nao.

Asalaam aleikum mwalimu. Mwanangu yuko mwaka wa tatu anasoma hiyo fiziolojia, likizo akija nyumbani majirani wanamwita dokta, anawapima presha na wengine anawaandikia dawa kwenye karatasi. Mimi nafurahi lakini baba yake ananuna. Kuna ubaya? – Mama mtu, Tanga

Waalaikum salaam dada yangu. Baba yake yuko sawa.

Kupima presha hamna shida, tena aendelee, na apime vizuri: mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono uwe usawa wa moyo, kile kitambaa kifungwe juu ya ngozi sio juu ya shati, na asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara sasa hivi. Asiongee akipimwa! Wengi wa Tanga mkianza kuongea hamuachi, na presha inapanda kwa maneno tu. Apime mara mbili, aandike, na ikiwa juu amwambie mtu aende kituo cha afya.

Karatasi za dawa zikome leo. Yeye anajua ile dawa inafanya nini kwenye mshipa, pengine anajua vizuri kuliko hata mhudumu wa duka la dawa, ila hajafundishwa kumchunguza mgonjwa, hajui yule bibi ana figo mbovu au binti yule ni mjamzito, na kisheria hana ruhusa. Jirani akidhurika, jina la "dokta" halitamsaidia polisi. Muite umwambie kwa upole, na majirani nao waambieni ni mwanafunzi.

Habari mwalimu, mimi nimechaguliwa ila naogopa vyura. Ni kweli tutapasua vyura? – Mwoga, Morogoro

Salama. Inategemea chuo. Vingi siku hizi wanatumia programu za kompyuta, unabonyeza na msuli unacheza kwenye skrini, vingine bado wana chura mwenyewe, na anakuwa ameshauawa na fundi wa maabara kabla hujamuona. Zoezi la kawaida ni msuli wa mguu na neva yake, unaupa umeme kidogo unaona unavyojikunja. Lingine ni moyo, ambao ukitolewa nje na kuwekwa kwenye maji yenye chumvi za kipimo unaendelea kudunda wenyewe, hauhitaji ubongo kuuambia. Huwa darasa zima linanyamaza pale.

Hayo maji yana kisa. Miaka ya 1880 huko London daktari Sydney Ringer alikuwa anaudundisha moyo wa chura kwenye maji ya chumvi ukawa unakwenda vizuri tu, kumbe msaidizi wake alikuwa anatumia maji ya bomba badala ya yale safi ya maabara. Walipoandaa kwa maji safi moyo ukazimika. Ya bomba yalikuwa na kalsiamu, na hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba moyo bila kalsiamu haukazi. Ile dripu ya Ringer unayoiona imening'inia wodini, jina lake ni la huyo huyo.

Na kama ni woga wa chura tu sio wa viumbe vyote basi kuna ngisi pia, mambo mengi tunayofundisha kuhusu umeme wa neva wanasayansi Hodgkin na Huxley waliyapata kwenye neva moja nene ya ngisi, wakapewa Nobel 1963. Ila hiyo utaisoma kwenye karatasi, hakuna atakayekupa ngisi labda ukala soko la samaki la Feri.

Ushauri wangu: wiki ya kwanza tu mtafute msimamizi wa maabara umwambie, usisubiri siku yenyewe. Mara nyingi mnakuwa kikundi, mwenzio anashika chura na wewe unaandika matokeo. Maksi ni zile zile.