Sonari ni sikio, periskopu ni jicho: maswali yenu ya wiki hii

Je, sonari huonyesha meli iliyo mbele kama picha ya televisheni?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi, tafadhali someni majibu ya nyuma. Sonari ni sikio la chombo ndani ya maji. Kuna inayosikiliza tu, ikinasa mlio wa injini na rafadha (pangaboi la kusukuma meli), na kuna inayopiga mlio ikangoja mwangwi. Nyambizi ya kivita husikiliza karibu muda wote, maana ukipiga mlio umejitangaza.

Umbali hupimwaje?

Sauti baharini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, chombo kiko kilomita 3. Si 6! Sauti imekwenda na kurudi, gawanyeni kwa mbili.

Nyambizi yenye sonari nzuri inahitaji periskopu ya nini?

Periskopu ni bomba la kutazamia juu ya maji. Inahitajika kwa sababu anayesikiliza tu hujua mlio unatoka upande gani, si umbali wake. Ili kukadiria umbali, nyambizi hushika mwelekeo mmoja kwa muda, igeuke, isikilize tena. Kazi hiyo haitaki pupa. Kisha, kabla ya kuibuka, hupanda karibu na uso wa maji na kuzungusha periskopu pande zote.

Oneni pupa ilivyoponza. Tarehe 9 Februari 2001, karibu na kisiwa cha Oahu huko Hawaii, nyambizi ya Marekani USS Greeneville ilikuwa na wageni 16 wa kiraia na ratiba iliyochelewa. Usikilizaji ukafanywa harakaharaka. Baharia aliyekokotoa nafasi za vyombo alikuwa na hesabu ya meli iliyokaribia, asimwambie nahodha. Periskopu ikainuliwa kwa muda usiofika dakika mbili. Kulikuwa na utusitusi, mawimbi yanapanda, na meli yenyewe nyeupe. Nahodha hakuiona. Nyambizi ikazama, kisha ikafyatuka juu kuwaonyesha wageni inavyoibuka kwa dharura, na bamba la usukani wake likapasua Ehime Maru, meli ya mafunzo ya uvuvi kutoka Japani. Wakafa watu 9, wanne kati yao wanafunzi wa sekondari. Sonari na periskopu zenyewe zilikuwa nzima. Nakasirika kila ninaposoma watu wakiiita ajali hii bahati mbaya.

Ni kweli periskopu zimekwisha?

Bado zipo. Ila nyambizi za Marekani za aina ya Virginia hutumia mlingoti wa kamera, picha zikaja kwenye skrini.

Kifaa cha kutafutia samaki kwenye boti yangu ni sonari?

Ndiyo, ndugu yangu wa Tanga, ni jamaa mmoja. Lakini vingi vya boti ndogo hupiga mlio wima, kwenda chini tu. Vitakuambia kina cha pale ulipo, si mwamba ulio mbele yako. Hukuuliza, ila nakuambia: ukiingia mlangoni mwa miamba, punguza mwendo na uweke mtu omoni, mbele ya boti, atazame.