Ranibeki mgeni: achukuliwe mapema au asubiriwe?

SWALI: Shikamoo, mzee wa safu. Mimi ni kijana wa Kisauni, na kwa miaka mingi nimecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ule mchezo wa kujiundia kikosi cha wachezaji halisi na kupata alama kwa wanayoyafanya uwanjani, bila kukosa hata wiki moja. Mwaka huu binamu yangu anayeishi Minneapolis amenialika katika ligi yao ya fantasi ya futiboli ya Kimarekani. Ina timu 10, na kila pasi inayodakwa huongeza alama moja. Wenzangu wote wanamsifu ranibeki mmoja aliyetoka chuoni juzi na kuchaguliwa katika raundi ya kwanza timu za kule zilipogawana vijana wa vyuo, na wanasema atakayemkosa atajuta. Zamu yangu ya kuchagua ni ya 6. Nimtwae, au ni kelele tu? Hatuchezi kwa pesa, lakini atakayeshika mkia atawalipia wenzake biriani.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ranibeki, kwa faida ya wasomaji ambao hawajauona mchezo huo, ni yule anayesimama karibu na kwotabeki, yaani mrusha pasi wa timu, akakabidhiwa mpira mkononi na kujipenyeza nao katikati ya miili ya watu kama makanga anayekusanya nauli ndani ya matatu iliyojaa hadi mlangoni. Akisonga yadi 10 humpatia aliyemchagua alama 1, akifika nao mwisho wa uwanja ni tachidauni, yaani alama 6, na akiupoteza mpira ukachukuliwa na wapinzani, katika ligi nyingi hukatwa alama 2.

Jambo linalowaponza wanaotoka katika fantasi ya Uingereza ni kwamba kule watu milioni moja wanaweza kuwa na mshambuliaji mmoja kwa wakati mmoja, na kosa la wiki hii hurekebishwa wiki ijayo. Katika ligi ya binamu yako kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu, na wote hugawanywa kwa zamu kabla ya msimu katika kikao kinachoitwa drafti, ambacho hakina uhusiano na ile drafti ya vizibo vya soda tunayocheza barazani, ingawa katika zote mbili mwenye pupa ndiye huliwa kwanza. Zamu hurudi kinyumenyume katika raundi ya pili, kwa hiyo ukichagua wa 6 leo, utachagua tena ukiwa wa 15. Swali lako hasa, basi, si kama kijana huyo ni hodari. Ni kama anastahili kutangulia wachezaji wengine wanane utakaowakosa katikati hapo.

Ninavyompima mimi mgeni, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, sianzi na mbio zake. Kila mwaka vijana wanaotoka vyuoni hukusanywa Indianapolis wakapimwa kwa saa katika mbio za yadi 40, na magazeti hujaa sehemu za sekunde. Mwaka 2017 kijana aitwaye Kareem Hunt alitumia sekunde 4.62, mwendo ambao kwa ranibeki haumshangazi mtu, akachaguliwa raundi ya tatu na Kansas City Chiefs. Mwezi wa Agosti ranibeki aliyekuwa mbele yake, Spencer Ware, aliumia goti. Hunt akaanza mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya New England, na mara ya kwanza kabisa kukabidhiwa mpira akaudondosha, ukachukuliwa. Kocha hakumtoa. Usiku huo alimaliza na yadi 246 za kukimbia na kudaka pamoja, na tachidauni tatu, na msimu ulipokwisha ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa yadi 1,327 za kukimbia. Alichokuwa nacho Hunt kuliko wenzake wenye mbio zaidi ni nafasi iliyo wazi na kocha asiyemnyima mpira baada ya kosa.

Hesabu basi mipira atakayopewa. Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Bijan Robinson, aliyetoka Chuo Kikuu cha Texas na kuchaguliwa wa 8 na Atlanta Falcons mwaka 2023, akiwa amepambwa kwa sifa kama bwana harusi. Mwaka ule wa kwanza alikimbia na mpira mara 214 na kupata yadi 976, lakini tachidauni za kukimbia zilikuwa 4 tu, kwa sababu kocha alikuwa akimgawia mwenzake Tyler Allgeier sehemu kubwa ya kazi, mara 186 kwa jumla. Hakuwa hasara, maana alidaka pasi 58 na kupata tachidauni nyingine 4 kwa njia hiyo. Ila waliomchukua mapema kabisa hawakupata thamani waliyoilipia. Mwaka uliofuata akaja kocha mwingine, Robinson akapewa mpira mara 304, akapata yadi 1,456 na tachidauni 14 za kukimbia. Miguu ilikuwa ile ile na jezi ile ile. Kilichobadilika ni mkono uliokuwa ukigawa.

Kwa hiyo fuatilia kwanza ni nani aliyemkuta pale. Ikiwa timu imemwachia ranibeki wake wa zamani aende, kisha ikatumia chaguo la raundi ya kwanza kumleta huyu mgeni, hiyo ni dalili ya kwamba wanataka abebe mzigo; ikiwa mwenyeji bado yupo na ana mkataba mnono, tarajia kugawana. Na ugawanaji mbaya kuliko wote ni ule wa mlangoni. Mgeni anaweza kukimbia yadi 60 kwa jasho lake, timu ikafika yadi 2 kutoka mwisho, kisha kocha akamwita jitu lenye mabega mapana kuja kumalizia. Mwaka 2023 kule Detroit, Jahmyr Gibbs akiwa mgeni alipata tachidauni 10 za kukimbia, na David Montgomery aliyekuwa akigawana naye akapata 13. Detroit ilikuwa na chakula cha kuwatosha wote wawili. Timu nyingi hazina.

Kwa kuwa ligi yenu inatoa alama kwa kudaka, jambo hilo lipe uzito mkubwa. Saquon Barkley alipokuwa mgeni na New York Giants mwaka 2018 alidaka pasi 91, na katika ligi kama yenu hizo ni alama 91 kabla hujahesabu yadi hata moja. Ranibeki anayedaka hana hofu timu yake ikifungwa, kwa sababu timu iliyo nyuma huacha kukimbia ikaanza kurusha, na wakati huo yule asiyejua kudaka huketi benchi akitazama kama mtu aliyekosa feri.

Kuna kazi nyingine isiyoleta alama hata moja, na ndiyo inayowanyima wageni wengi nafasi. Timu huwa na majaribio manne ya kusonga yadi 10, na jaribio la tatu mara nyingi ni la kurusha pasi. Hapo ranibeki hutakiwa asimame amkinge kwotabeki dhidi ya mtu anayemjia mbio kutoka pembeni. Kijana wa chuo ambaye miaka yote alikuwa akipewa mpira tu hajazoea kutafuta mtu wa kugongana naye, na akikosea mara moja, kwotabeki anayelipwa mamilioni akaanguka, kocha hamwamini tena kwa mwezi mzima. Soma kwa makini makocha wanavyomzungumzia katika jambo hili, kwa kuwa kuhusu mbio zake watamsifu daima.

Tazama pia ukuta ulio mbele yake, yaani wenzake wanaowasukuma wapinzani ili kumfungulia njia. Ezekiel Elliott alipopata yadi 1,631 akiwa mgeni mwaka 2016, alikuwa akikimbia nyuma ya ukuta wa Dallas uliokuwa miongoni mwa bora kabisa katika ligi. Uhodari alikuwa nao, hilo silikatai, lakini milango ilikuwa ikifunguliwa kabla hajabisha hodi.

Nami nina kovu langu. Mwaka 2020 Chiefs, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa, walimchagua Clyde Edwards-Helaire wa 32, mwisho wa raundi ya kwanza. Mwenyeji wake, Damien Williams, akaamua kutocheza msimu ule kwa sababu ya korona, na mimi nikamtwaa Edwards-Helaire katika chaguo langu la kwanza bila kufikiri mara mbili. Mechi ya ufunguzi ilianza saa tisa na dakika 20 alfajiri ya Ijumaa kwa saa zetu. Niliitazama kwa simu, nimeketi ukumbini taa zikiwa zimezimwa ili nisiwaamshe watu wa nyumbani, na kijana akapewa mpira mara 25, akakimbia yadi 138 na kufunga tachidauni. Adhana ilinikuta ningali nacheka peke yangu. Ilipofika Oktoba timu ikamsajili Le'Veon Bell, mipira ikaanza kugawanywa, na msimu ukaisha kijana akiwa na yadi 803 na tachidauni 4 za kukimbia. Dalili moja niliipuuza: karibu na mlango wa wapinzani Chiefs walikuwa wakipenda kurusha, si kukimbia, na hilo lilijulikana kabla ya msimu.

Kwa zamu ya 6, mwanangu, mimi ningemwacha, ila ukijiridhisha kwamba mwenyeji ameondoka, kwamba kijana anadaka, na kwamba katika mechi za maandalizi za Agosti anaanza na kikosi cha kwanza kisha anapumzishwa pamoja nao. Hilo la kupumzishwa wengi huliona kama ubaya, kumbe timu humficha anayemtegemea. Kama lolote kati ya hayo halipo, chukua mchezaji aliyekwisha kuonyesha kazi yake kwa misimu miwili au mitatu, kisha mwangalie mgeni wako kama atakuwa bado yupo zamu ya 15 itakapofika. Katika ligi ya timu 10 kila mtu ana kikosi kizuri, hivyo hasara ya kumkosa si kubwa kama wenzako wanavyokutisha.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni, na tunacheza fantasi hii na wafanyakazi wenzangu. Nilimchukua ranibeki mgeni katika raundi ya nne, na wiki tatu sasa ameniletea alama za kuhesabu kwa vidole. Mume wangu asema nimwache aende, nichukue mtu mwingine katika wale wasio na timu. Nifanyeje?
Msomaji, Likoni

JIBU: Aleikum salaam, Bibi. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwa kawaida makocha wa kule hufuata desturi hiyo kwa mwendo wa polepole zaidi. Gibbs niliyemtaja hapo juu, katika mechi yake ya kwanza kabisa, alikimbia na mpira mara 7 tu. Bucky Irving alichaguliwa raundi ya nne na Tampa Bay mwaka 2024 na kuanza msimu akiwa nyuma ya Rachaad White, lakini hadi mwisho alikuwa amekimbia yadi 1,122 na yeye ndiye aliyekuwa mkuu. Jonathan Taylor wa Indianapolis, mwaka 2020, alikuwa na majuma ya katikati yaliyowakatisha watu tamaa, kisha akaufunga msimu kwa mechi ya yadi 253 dhidi ya Jacksonville.

Usitazame alama zake peke yake, Bibi. Tazama alikuwa uwanjani kwa sehemu gani ya kila mechi, na sehemu hiyo inapanda au inashuka. Mgeni aliyeanza na robo ya muda, akafika theluthi, sasa anakaribia nusu, ni mali, hata kama bado hajafunga chochote. Na mara nyingi timu hurekebisha mambo yake katika wiki ya mapumziko, akarudi na kazi kubwa zaidi. Mwache aende ikiwa muda wake unapungua, au ikiwa alidondosha mpira na tangu siku hiyo hajaonekana. La sivyo, mweke benchi, usimwanzishe bado, na mwambie mzee nyumbani awe na subira hadi wiki ya sita au ya saba. Jeraha ni shauri jingine: Breece Hall wa New York Jets alikuwa moto mwaka 2022 hadi alipochanika goti mwezi Oktoba, na hapo hakukuwa na hesabu ya kumsaidia mtu.

SWALI: Mzee, nitajuaje kama ranibeki wangu atacheza, ilhali mechi zao ni za usiku wetu?
Msomaji, Majengo

JIBU: Timu hutangaza wasiocheza dakika 90 kabla ya mechi. Zile za kwanza za Jumapili huanza saa mbili usiku kwetu mwezi Septemba na Oktoba, kwa hiyo orodha hutoka saa kumi na mbili na nusu jioni, punde tu baada ya Magharibi, na una muda wa kutosha wa kumbadilisha. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba, kila kitu huchelewa kwa saa moja. Ugumu uko kwa mechi ya Jumatatu yao, ambayo kwetu ni Jumanne kabla ya alfajiri: akiwa na shaka ya jeraha na wewe hutaki kuamka, mbadilishe Jumapili ungali na mtu mwingine wa kumweka.