Kampuni imelemewa na madeni: maswali yenu na majibu

Wengi mmeuliza kuhusu makubaliano rasmi ya kulipa madeni kwa kampuni iliyoshindwa kulipa. Kila nchi ina sheria yake. Tarakimu ninazotaja ni za Uingereza, ambako utaratibu huu umo katika Sheria ya Ufilisi ya 1986, na ambako Kenya ilichota mengi ilipotunga sheria yake ya 2015.

Wadai wetu karibu wote wamekubali kwa simu kutuvumilia. Makubaliano rasmi ya nini?

Uvumilivu wa mdomo haumfungi mtu. Leo wadai tisa wamekubali, kesho wa kumi anakwenda mahakamani kuomba kampuni ifilisiwe, na wale tisa wanamfuata mbio wasije wakakosa. Makubaliano rasmi yanawafunga wadai wote wasio na dhamana, yaani wasioshika mali ya kampuni kama rehani, waliokuwa na haki ya kupiga kura, hata aliyekataa, hata asiyehudhuria. Mnaandaa mapendekezo pamoja na mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, wadai wanapiga kura, na yakipita mtaalamu huyo anakuwa msimamizi wa kupokea malipo yenu na kuwagawia. Wakurugenzi mnaendelea kuendesha biashara.

Mdai mkubwa akikataa, tumekwisha?

Inategemea anadai kiasi gani, kwa sababu kura hupimwa kwa thamani ya deni, si kwa vichwa. Inatakiwa asilimia 75 ya thamani ya madeni ya waliopiga kura, hivyo anayeshika zaidi ya robo anazuia peke yake. Mwendeeni mapema, hesabu mkononi. Wala msitegemee kura za ndugu au wakurugenzi walioikopesha kampuni: zaidi ya nusu ya wadai wasio na uhusiano nanyi, kwa thamani, wakikataa, mapendekezo yameanguka.

Benki imeshika jengo letu, nami nilisaini kama mdhamini. Nitapata nafuu?

Kwa hayo mawili, usitegemee. Haki ya mwenye dhamana juu ya mali aliyowekewa haiguswi bila ridhaa yake. Udhamini wako nao kwa kawaida unabaki palepale: kampuni ikipunguziwa deni, benki inaweza kukudai wewe salio.

Tuahidi kulipa kiasi gani kwa mwezi?

Hapa ndipo mipango mingi inapokufa, na inaniuma kwa sababu inaepukika. Mkurugenzi anaogopa kura, anaahidi kiasi cha kuwafurahisha wadai, na kabla ya mwaka kwisha amekwama. Kumbuka kwamba makubaliano yanahusu madeni ya zamani tu. Mishahara, pango, malighafi na kodi za kuanzia sasa lazima vilipwe kikamilifu na kwa wakati, na wauzaji wengi watataka fedha taslimu kwa kuwa hawawaamini tena. Kwa hiyo pigeni hesabu ya mwezi mbaya, si ya mwezi wa wastani, kisha ahidini kinachobaki. Angalieni pia deni la serikali. Tangu tarehe 1 Desemba 2020, kodi ya ongezeko la thamani na kodi iliyokatwa kwenye mishahara zinatangulia mbele ya wadai wa kawaida, na haziwezi kupunguzwa bila mamlaka ya kodi kukubali. Mipango mingi huchukua miaka 3 hadi 5. Ni muda mrefu wa kuishi na ahadi isiyo ya kweli, na wafanyakazi wenu ndio watakaoilipia.

Mimi ni mdai. Wananiahidi 40 kwa kila 100. Nikubali?

Usilinganishe na 100. Linganisha na utakachopata kampuni ikifilisiwa, baada ya mwenye dhamana, gharama za ufilisi na wanaotangulia kisheria kuchukua chao. Makadirio hayo yanapaswa kuwemo kwenye mapendekezo, yasome. Halafu uliza ni nini kimebadilika katika biashara. Kama kilicholeta hasara bado kipo, mimi ningekataa. Ukiona ulipunjwa isivyo haki au kura ilikuwa na kasoro kubwa, una siku 28 tu za kupinga mahakamani, zinazohesabiwa tangu matokeo yawasilishwe huko.

Tukikosa malipo ya mwezi mmoja?

Mwambieni msimamizi kabla tarehe haijafika. Makubaliano mengi yanaruhusu wadai kupiga kura tena na kubadili masharti. Mkinyamaza, anaweza kutangaza mmeyavunja, na mara nyingi masharti yenyewe yanamtaka aombe kampuni ifilisiwe.