Jibu: Mtazamo wa jamii unazuia itikadi kali, au hiyo ni kazi ya polisi tu?
Ndugu, umeuliza kama mtazamo wa wananchi una uzito wowote hapa. Kumbuka basi la Mandera, Desemba 2015. Al-Shabaab, kundi la itikadi kali la Somalia, waliwaamuru abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Waislamu wakagoma, na akina mama wakawapa wenzao hijabu wajisitiri. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa Waislamu hao waliogoma, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Ila tusijidanganye. Serikali ya Kenya ilipotangaza msamaha kwa waliojiunga na Al-Shabaab kisha wakarudi kutoka Somalia, Aprili 2015, wengi waliogopa kujitokeza: polisi hawaaminiki, Al-Shabaab nao wanawasaka, na majirani hawataki hata salamu yao. Sasa mama anayeona mwanawe anabadilika atamwambia nani, ikiwa kesho mtaa mzima utamsusia? Mimi ningeanzia hapo, kabla ya semina za hotelini.