Sabuni kugoma kukaza Mbeya: angalia hali ya mafuta kwanza

Mkuu mleta mada, umesema vipimo ni vilevile ulivyotumia Dar: mafuta ya nazi, kostiki (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) na maji. Ila Mbeya mwezi huu wa Juni umekoroga saa nzima na sabuni haikazi. Vipimo usiviguse.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi ya Juni huko hazifiki. Mimi yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Nilichota mafuta yaliyoganda kama samli, nikayaponda kwa mwiko, nikamimina maji ya kostiki yaliyokwisha kupoa. Nikabaki na mabonge meupe yanaelea. Nikapasua moja kwa kisu: nje ngozi nyembamba ya sabuni, ndani mafuta matupu. Kostiki ilikuwa nzima kabisa, ilikosa njia ya kupenya.

Mmenyuko, yaani mafuta na kostiki kugeuka sabuni, unataka chembe zikutane. Kwenye kitu kigumu zimeshikana palepale, kinachofikiwa ni uso wake tu. Changanya unga mkavu wa asidi ya sitriki na bekingi soda kwenye kijiko: kimya. Dondoshea maji: povu papo hapo, kwa sababu sasa chembe zinatembea.

Lakini kuyeyusha peke yake hakutoshi, na hapa wengi wanakwama. Mafuta na maji hayaingiani, kwa hiyo yanakutana mpakani tu. Kukoroga kunayavunja mafuta kuwa matone madogo na mpaka unaongezeka. Kisha sabuni ya kwanza kupatikana inashika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, inazidi kuyachanganya. Ndiyo maana mwanzoni unaona kama hakuna kitu, halafu ghafla inakuwa nzito kama uji.

Kwa hiyo pasha mafuta juu ya sufuria ya maji ya moto hadi nyuzi 40 au 45, na maji ya kostiki yawe vuguvugu vivyo hivyo. Vaa glavu na miwani, kostiki ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si kinyume chake, na sufuria ya alumini usitumie, inaliwa. Mabonge yako usiyatupe. Yapashe kwa moto mdogo huku unakoroga taratibu, yatakubali. Ukishamimina kwenye chombo cha kugandishia, kifunike kwa blanketi usiku ule, maana mmenyuko bado unaendelea humo ndani na baridi ya Mbeya itaurudisha nyuma.