Siku 12 kutoka New York hadi Los Angeles kwa gari? Mkuu, punguza ramani

Mkuu, umeuliza kama watu wanne wenye siku 12 wanaweza kutua New York, wakodi gari, wapitie mbuga za Yellowstone na Grand Canyon, kisha wapande ndege ya kurudi nyumbani wakiwa Los Angeles. Viza umesema mnazo tayari, hilo naliacha. Kufika mtafika. Ila mtakachokiona ni lami.

New York hadi Los Angeles ni kama kilomita 4,500 kwa njia fupi. Chukua Dar–Mwanza, nenda urudi, halafu nenda tena urudi. Hapo Yellowstone haimo. Yenyewe iko juu huko Wyoming, zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kutoka Grand Canyon. Kwenye simu zinaonekana majirani kwa sababu nchi nzima imebanwa kwenye kioo cha kiganjani.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe, Juni 2023. Tulikuwa mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 13 na shemeji anayeishi Chicago. Tulianzia hukohuko Chicago, nikapanga kilomita 900 kwa siku kwa hesabu kwamba barabara zao ni nzuri. Ni nzuri kweli. Lakini Illinois ikaisha, Missouri ikaja, Oklahoma nayo ikawa haikomi, na jioni ya siku ya pili tulipoingia Amarillo, Texas, hakuna aliyekuwa anamsemesha mwenzake. Nje ya mji huo kuna gari kumi aina ya Cadillac zimefukiwa pua chini shambani tangu 1974, wapita njia wanazipulizia rangi. Binti yangu alikuwa akiisubiri hiyo tangu Dar. Akakataa kushuka garini. Usiku ule nikafuta nusu ya ratiba.

Ningekuwa nyie: New York siku tatu bila gari kabisa, treni za chini zinatosha na maegesho yatawafilisi. Halafu ndege hadi Las Vegas, mkodi gari pale. Mbuga ya Zion, mji wa Page, miamba ya Monument Valley, Grand Canyon upande wa kusini. Mpaka hapo hakuna siku itakayowazidi kilomita 300 na kidogo. Kutoka Grand Canyon kwenda Los Angeles lala mji wa Kingman, Arizona, na kati ya Seligman na Kingman acha barabara kuu, upite kipande cha Route 66 ya zamani, ile ya Chicago hadi Los Angeles, kama kilomita 140. Barabara hiyo ilianza 1926 ikafutwa rasmi 1985, na pale ndipo utaielewa kuliko sehemu nyingi tulizoitafuta kwa tochi kuanzia Illinois. Yellowstone iachie safari nyingine.

Mbuga sasa. Sisi tulilipa dola 80 kwa pasi ya mwaka. Tangu Januari 2026 asiye mkazi wa Marekani analipa 250, na asiye na pasi anaongezewa dola 100 kwa kila mtu kwenye mbuga 11 zenye watu wengi, Zion na Grand Canyon zikiwemo. Watu wazima wanne mkiwa gari moja, pasi ni lazima. Piga hesabu mwenyewe.

Gari ndiko kwenye mitego. Nilifika kaunta na kadi yangu ya kawaida ya benki, yenye hela, wakaikataa. Walitaka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva mkuu, ili washikilie dhamana. Shemeji akatoa yake, akawa yeye dereva mkuu, mimi nikaongezwa kwa malipo ya kila siku. Kuchukua gari mji mmoja na kuliacha mji mwingine kuna ada yake. Kwetu ilizidi dola 300 na ilikuwa imejificha chini kabisa ya ukurasa. Bima soma mstari kwa mstari: bima ya gari lenyewe ni kitu kimoja, bima ya kumlipa uliyemgonga ni kingine. Kibali cha kimataifa cha udereva chukueni AA Tanzania, chama cha wenye magari, kabla ya kuondoka, kule mgeni hapewi.

Kuendesha kulia utazoea kwa nusu siku. Kisichozoeleka haraka ni mkono. Indiketa ziko kushoto mwa usukani, kwa hiyo kila nilipokata kona waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, juani, huku binti akihesabu. Alifika 31 kabla ya St. Louis. Taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia ukishasimama kabisa na njia ikiwa wazi, isipokuwa kibao kikikataza, na jiji la New York ambako hairuhusiwi mpaka kibao kiruhusu. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu, simama, hata kama linakuja mbele yako.

Na trafiki akikuwashia taa nyuma, mkuu, USISHUKE. Najua kwetu unashuka, unamsalimia afande, mnaongea. Kule unasogea pembeni, unazima gari, mikono juu ya usukani, unasubiri aje dirishani, na pasipoti huichomoi mpaka umwambie iko wapi. Mimi nilisimamishwa Oklahoma kwa mwendo. Nilikuwa nimesoma 75 ya kwenye kibao kichwani mwangu kama kilomita, nikajiona natambaa, kumbe ni maili, na baadaye nikapitiliza kikomo cha eneo la ujenzi. Nilipewa onyo la karatasi tu.

Sheli: pampu inaomba namba tano za posta za anwani ya mwenye kadi. Kadi ya nje haina. Pale Tucumcari, New Mexico, nilijaribu mara nne hadi jamaa wa lori nyuma yangu akanielekeza dukani. Unaingia, unamwambia wa kaunta "pampu namba sita, dola 40", unalipa, unatoka unajaza. Ikibaki chenji unarudi kuichukua. Bei imeandikwa kwa galoni, yaani lita 3.8 hivi. Mpini wa kijani mara nyingi ni dizeli, usiuguse kwa mazoea.

La mwisho ni saa. Arizona hawasogezi saa mbele majira ya joto kama majimbo mengine mengi, lakini ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, ndani ya Arizona wanasogeza. Tulitoka Flagstaff saa kumi na mbili asubuhi kuwahi gari la kututembeza Monument Valley saa tatu. Tukafika saa tatu kamili, tunajipongeza. Pale ilikuwa saa nne, na mtembezaji wetu alishaondoka na wengine. Mama watoto alikuwa ameona simu ikiruka saa moja njiani, akadhani imeharibika, akairudisha kwa mkono.

Niambie mnaenda mwezi gani. Kama ni Desemba, hiyo njia ya Grand Canyon tuizungumze upya, kule juu ni zaidi ya mita 2,000 na theluji inaanguka.